Mfumo wa beta: kipi kinarudishika na kipi hakirudishiki?

Nyaya ameuliza:

Wakuu, habari za humu. Vifaa ni vitatu: iPhone, simu ya Pixel na laptopu yenye Windows 11. Vyote vinafanya kazi vizuri na vyote vinaweza kupokea toleo la beta, yaani la majaribio, la mfumo endeshi. Maelezo mengi yanayopatikana yanaishia kwenye "chaji itaisha haraka na programu zitajifunga zenyewe". Hayo yanavumilika. Ninachotaka kujua ni yale ambayo yakishatokea hakuna kurudi nyuma.

1. Nikiweka beta kisha nikaichoka, narudije kwenye toleo la kawaida, na napoteza nini njiani?
2. Bakapu inayojichukua yenyewe usiku inatosha?
3. Programu za benki, na zile zinazotoa tarakimu za kuthibitisha unapoingia kwenye akaunti, zinakuwaje?
4. Beta ya wasanidi programu na beta ya umma zinatofautiana nini kwa hatari?

iPhone ndiyo inayotumika kazini. Majibu yenye hatua kamili yatanifaa kuliko "usiweke" au "weka tu". Natanguliza shukrani.

---

Msumari:

Mkuu, umegusa penyewe. Kasoro za kawaida za beta huja na kuondoka; toleo linalofuata likitoka baada ya wiki moja au mbili, nyingi zimeshazibwa. Kinachouma ni kwamba mfumo mpya ukiwaka mara ya kwanza hugusa vitu vitatu: data zako, femuwea ya kifaa (programu ya msingi iliyomo ndani ya vipuri vyake), na mara nyingine data zilizoko kwenye wingu. Mfumo wenyewe unaweza kuung'oa na kuweka wa zamani. Hivyo vitatu havirudi pamoja nao.

Chukua data kwanza. Picha, Ujumbe, Afya na programu nyingine huhifadhi vitu kwenye hifadhidata. Toleo jipya likihitaji muundo mpya, huipanga hifadhidata upya papo hapo. Programu mpya inaujua muundo wa zamani kwa sababu imeandikwa baada yake. Ya zamani haiwezi kuujua muundo uliobuniwa baadaye. Ndiyo sababu bakapu iliyochukuliwa kwenye iOS ya mbele haikubaliki kwenye iOS ya nyuma. Wapo wanaofungua faili la Info.plist ndani ya bakapu na kubadilisha namba ya toleo ili simu ikubali. Simu inakubali kweli, lakini inamezeshwa hifadhidata isizozijua, na kitakachopotea huwezi kukiona siku hiyo hiyo. Usijaribu kwa data unayoijali.

Hapo ndipo swali lako la 2 linapojibika: haitoshi. Tuseme umeweka beta jioni. Usiku simu iko kwenye chaji, skrini imefungwa, Wi-Fi ipo. iCloud inachukua bakapu, na sasa hiyo ni bakapu ya beta. iCloud haikupi namna ya kuifungia bakapu ya jana isiguswe. Siku chache tu zikipita, zilizobaki zote ni za mfumo mpya. Ukiifuta simu na kurudi nyuma, unafika kwenye orodha ya bakapu na hakuna hata moja inayokubalika.

Kwa hiyo chukua bakapu kwenye kompyuta na uifungie. Kwenye Mac: unganisha simu kwa waya, fungua Finder, chagua simu, weka alama kwenye kisanduku cha kusimba bakapu (kuifunga kwa nywila), kisha ichukue. Bila kusimba, nywila zilizohifadhiwa na data za Afya hazichukuliwi. Ikimalizika, fungua orodha ya bakapu, bofya kitufe cha kulia cha kipanya juu ya jina la simu, uchague "Archive". Jina litaongezewa tarehe na saa, na bakapu zijazo hazitaandikwa juu yake. Kwenye Windows, nakili folda nzima ya Backup iliyomo ndani ya MobileSync uipeleke kwenye diski ya nje. Nywila ya bakapu iandike mahali salama. Ukiisahau, bakapu haifunguki, na hakuna wa kukufungulia.

Kurudi ndiyo hivi:

Zima Find My kwanza, yaani huduma ya kutafuta simu iliyopotea. Kama umewasha ulinzi wa kifaa kilichoibwa (upo tangu iOS 17.3) na hauko mahali simu inapopazoea, inaweza kukuchelewesha saa nzima kabla ya kukuruhusu kuizima. Baada ya hapo unganisha waya. Kwa iPhone 8 na kuendelea: bonyeza kitufe cha kuongeza sauti uachie, cha kupunguza uachie, kisha shikilia cha pembeni. Nembo ya Apple itatokea, usiachie. Endelea kushikilia mpaka uone picha ya waya na kompyuta. Kompyuta itakuuliza uchague kusasisha au kurejesha. Chagua kurejesha. Kusasisha hujaribu kuziacha data zilipo, na data hizo tayari ni za muundo mpya.

Faili linalopakuliwa ni gigabaiti kadhaa. Upakuaji ukizidi dakika 15, simu hutoka yenyewe kwenye hali ya urejeshaji. Wengi wakifika hapo hudhani simu imekufa. Haijafa. Acha faili limalizike kushuka kwenye kompyuta, kisha rudia vitufe vile vile.

Unachopoteza ni kila kilichoingia simuni tangu siku ya ile bakapu uliyoifungia, isipokuwa kilichokwisha kusawazishwa na wingu.

---

Tundu_la_Chaji:

Msumari ameeleza vizuri ya iPhone. Mimi nimjibu kuhusu Pixel, maana njia ni rahisi zaidi lakini ina mtego.

Ukijiandikisha kwenye mpango wa beta wa Android, toleo linakuja kama sasisho la kawaida. Ukijiondoa, ndani ya saa 24 hivi simu inaletewa sasisho jingine la kuirudisha nyuma, nalo hufuta kila kitu. Linakuja na sura ile ile ya sasisho la kila siku, na mtu aliyezoea kubonyeza bila kusoma anajikuta ameifuta simu yake. Kama lengo ni kutoka bila kupoteza data, jiondoe kwenye mpango, liache sasisho hilo bila kulisakinisha, na usubiri toleo kamili litoke. Ukishalipokea umetoka, na data zako zipo.

Angalia na kalenda pia. Toleo kamili likitoka, mpango hauishi. Unaingia kwenye beta za masasisho ya robo mwaka. Ukipokea ya kwanza ya hizo, umeanza mzunguko mpya, na mlango wa kutoka bila kufuta umefungwa mpaka duru hiyo nayo imalizike.

Bakapu ya Google ina sharti kama lile la Apple: iliyochukuliwa kwenye Android ya juu hairejeshwi kwenye simu yenye Android ya chini. Kwa hiyo usiitegemee kwa safari ya kurudi. Picha zipeleke kwenye kompyuta kama mafaili ya kawaida, WhatsApp ichukulie bakapu yake yenyewe, na faili la majina ya watu lihamishe kama .vcf.

Sasa femuwea. Ndani ya chipu ya simu kuna kihesabu kinachopanda tu, hakishuki. Butiloda (programu ndogo inayouwasha mfumo simu inapowaka) mpya ikipandisha namba, ya zamani haitakubalika tena, hata ukiflashi, yaani ukiandika mfumo mwenyewe kwa waya. Mfano unaojulikana ni Agosti 2022: Android 13 kwenye Pixel 6, 6 Pro na 6a ilipandisha namba hiyo kwa sababu butiloda ya awali ilikuwa na udhaifu wa kiusalama. Tangu hapo simu hizo haziwezi kurudi Android 12.

Na kulikuwa na jambo la pili pale pale. Pixel ina nafasi mbili za mfumo, A na B. Sasisho huandikwa kwenye ile isiyotumika, kisha simu ikiwaka inahamia huko. Baada ya sasisho lile, nafasi moja ilikuwa na butiloda mpya na nyingine ya zamani. Simu ikishindwa kuwaka upande mmoja na kujaribu ule mwingine, inakutana na butiloda iliyokataliwa na chipu. Google yenyewe ilishauri wanaoflashi kwa mkono waweke butiloda mpya pande zote mbili. Kabla ya kuweka beta, soma maelezo ya toleo ukitafuta jambo hilo moja: je, linazuia kurudi nyuma?

Ukilazimika kuflashi: `fastboot flashing unlock` hufuta simu yote, na kuifunga butiloda tena hufuta tena. Usiifunge kabla ya kuhakikisha mfumo rasmi umewaka mpaka mwisho. Ukiifunga ikiwa na mfumo usio rasmi au ulioharibika, simu inaweza isiwake tena, na ukiwa umeifunga hata kuflashi unazuiwa.

Anayetumia Samsung: usajili unapita kwenye programu ya Samsung Members, na kurudi ni kwa Smart Switch kwenye kompyuta, nako kunafuta. Kwenye namba ya toleo hesabu herufi ya tano kutoka mwisho. Hiyo ndiyo namba ya butiloda. Ikipanda, hushuki.

Swali la 3 kwa Android: programu za benki huuliza huduma ya Play Integrity kama simu ni halali. Butiloda iliyofunguliwa huharibu jibu hilo moja kwa moja. Matoleo ya awali kabisa yanayolengwa kwa wasanidi hayajapita majaribio yote ya ulinganifu, hivyo malipo kwa simu na programu za benki zinaweza kukataa hata kama hujafungua chochote. Beta za baadaye kwa kawaida hupita, lakini hakuna aliyekuahidi.

---

Sekunde:

Kifupi: kama una Apple Watch, usiiweke beta kwa sababu tu iPhone iko kwenye beta. Saa haina njia ya mtumiaji kurudi nyuma. Apple inasema wazi kwamba ikishawekewa beta hairejeshwi kwenye toleo lililotangulia. Isitoshe, saa yenye watchOS mpya inahitaji iPhone yenye iOS mpya ili ziunganike. Ukiirudisha simu nyuma, saa inabaki imesimama peke yake mpaka toleo kamili litoke. Femuwea ya beta ya AirPods nayo haiondolewi ukishaiweka.

---

Dirisha_Wazi:

Nichukue ya Windows.

Insider ni mpango wa Microsoft wa kujaribu matoleo ya awali ya Windows. Njia zake ni nne: Canary, Dev, Beta na Release Preview. Watu huzichukulia kama ngazi za ukali tu, lakini tofauti iliyo muhimu ni namna ya kutoka. Ukiwa Release Preview au Beta, unaweza kuacha kupokea matoleo ya majaribio pale toleo kamili la namba hiyo litakapotoka, bila kufuta. Ukiwa Canary au Dev, kutoka maana yake kwa kawaida ni kufuta diski na kusakinisha Windows upya. Namba za matoleo yao zimetangulia mbele, na Windows haisakinishi namba ndogo juu ya kubwa.

Lipo dirisha dogo la kurudi. Baada ya kupanda toleo kubwa, mfumo wa zamani huhifadhiwa kwenye folda ya Windows.old kwa siku 10. Ndani ya siku hizo, sehemu ya urejeshaji kwenye mipangilio inakuwa na kitufe cha kurudi nyuma. Siku hizo zinaongezeka. Fungua kidirisha cha amri kama msimamizi, kabla 10 hazijaisha:

`DISM /Online /Set-OSUninstallWindow /Value:60`

Kisha hakikisha kwa:

`DISM /Online /Get-OSUninstallWindow`

Kiwango cha juu ni 60. Amri hii haifai kitu ukisafisha diski na kuifuta Windows.old. Programu za kusafisha humwonyesha mtu kwamba kuna gigabaiti 20 au zaidi za kuokoa, naye anabonyeza. Hizo gigabaiti ndizo njia yako ya kurudi. Kuwa makini pia: kila toleo jipya la Insider linalosakinishwa kama mfumo mzima huandika Windows.old mpya. Baada ya toleo la pili, unachoweza kurudia ni beta iliyotangulia, si Windows uliyoanza nayo.

Kwa hiyo chukua picha ya diski nzima kwenye diski ya nje, na uandae flashi ya kuwashia kompyuta kabla ya kujiunga. Jaribu kuiwasha kompyuta kwa flashi hiyo, usiishie kuitengeneza.

Kabla ya hayo yote tafuta ufunguo wa urejeshaji wa BitLocker, kisimba diski cha Windows. Laptopu nyingi za Windows 11 zinakuja na diski iliyosimbwa bila mwenyewe kujua. Ni tarakimu 48, na mara nyingi umehifadhiwa kwenye akaunti ya Microsoft. Mabadiliko ya mpangilio wa kuwaka yanaweza kuifanya kompyuta iuombe. Usipokuwa nao, data zipo kwenye diski na huwezi kuzifikia. Unaweza kusimamisha ulinzi kwa muda kwa `manage-bde -protectors -disable C: -RebootCount 0`, mradi ukumbuke kuuwasha tena kwa `-enable`.

Mawili ya mwisho. Matoleo ya Insider yana tarehe ya kuisha muda; andika `winver` utaiona. Tarehe ikipita bila kusasisha, kompyuta huanza kutoa maonyo, kisha kujizima na kujiwasha, na mwishowe kukataa kuwaka. Mashine ya akiba iliyowekwa kabatini na toleo la Insider ina saa inayohesabu. La pili, huwezi kujiunga bila kukubali kutuma data za hiari za utambuzi. Kama laptopu ina mafaili ya watu wengine, hilo peke yake linatosha kukuzuia.

Kama unataka kuona sura mpya tu, tumia kompyuta pepe, yaani kompyuta ya kuigiza inayoendeshwa ndani ya ile halisi: Hyper-V au VirtualBox, diski pepe ya GB 64, RAM ya GB 4 au zaidi, TPM pepe (chipu ya usalama) iwashwe. Piga picha ya hali ya mashine kabla ya kila sasisho. Ikiharibika, unairudisha kwa dakika moja. Utakachokosa ni majaribio ya draiva halisi, yaani kadi ya michoro, sauti, na kulala na kuamka kwa laptopu, na huko ndiko beta za Windows zinakosumbua zaidi.

---

Nyaya:

Nashukuru sana wakuu. Msumari, umetaja data za kwenye wingu lakini hukuendelea. Inakuwaje kifaa kimoja chenye beta kiguse vingine visivyo na beta? Na tarakimu za kuthibitisha kwenye iPhone?

---

Msumari:

Kweli, niliacha hapo. Mfano mzuri ni programu ya Vikumbusho (Reminders) mwaka 2019. iOS 13 ilileta muundo mpya wa Vikumbusho kwenye iCloud. Ukikubali kuviboresha, orodha zako zinahamia muundo mpya kwenye akaunti, si kwenye simu peke yake. Mac iliyobaki kwenye Mojave, toleo la macOS la kabla ya Catalina, haikuweza tena kuonana nazo. iOS 13 ilitoka Septemba 19, na macOS Catalina Oktoba 7. Yaani hata aliyengoja toleo kamili alikuwa na wiki kadhaa ambazo Mac yake haikuwa na mfumo rasmi wa kuusoma muundo huo. Mtu wa beta aliyeboresha tangu mwanzo wa majaribio alikuwa na miezi. Kurejesha simu hakuzirudishi orodha, kwa sababu zilizobadilika hazikuwa simuni.

Kinga yake: kifaa cha majaribio kiwe na akaunti ya pembeni. Akaunti kuu isiingie humo. Ukishindwa, basi usikubali kidirisha chochote kinachosema "boresha" ndani ya programu, na uzime usawazishaji wa Picha na Maandishi kabla ya kusakinisha.

Kwa Mac jambo hili linarahisishwa na APFS, mpangilio wa diski wa Apple: ongeza juzuu jipya (volume) kwenye chombo kilekile (container) kwa Disk Utility, usakinishe beta humo, na mfumo wa kawaida ubaki ulipo. Nafasi inagawanywa yenyewe, huhitaji kukata diski. Ila usiifungue maktaba yako ya Picha ukiwa upande wa beta. Programu mpya itaiboresha, na ukirudi upande wa zamani haitafunguka. Juzuu ni mawili, lakini maktaba ni moja.

Tarakimu za kuthibitisha: programu inayozitoa ikishindwa kufunguka kwenye beta, umefungiwa nje ya kila akaunti inayoitegemea. Kabla ya kusakinisha pakua misimbo ya dharura ya kila akaunti uichape kwenye karatasi, na weka kithibitishi cha pili kwenye kifaa kisicho na beta. Usitegemee SMS kama njia pekee ya akiba. Modemu ina femuwea yake, nayo husasishwa pamoja na beta. Laini ikikata, ujumbe hauji. Kama unatumia eSIM, jua mapema mtoa huduma anaitoaje upya, kwa sababu ukifuta simu vibaya inaweza kuondoka.

---

Kizibo:

Naomba nipingane kidogo na mwelekeo wa uzi huu. Toleo kamili nalo si kinga. Windows 10 ya Oktoba 2018, toleo 1809, ilitoka kwa umma na ikafuta mafaili ya watumiaji waliokuwa wamehamisha folda zao za Nyaraka kwenda mahali pengine. Microsoft ililisimamisha siku chache baadaye. iPadOS 18 nayo Septemba 2024 ilizima baadhi ya iPad Pro za M4, na Apple ikaiondoa kwa modeli hizo kwa muda. Kwa hiyo tusimwambie Nyaya kwamba beta ni hatari na toleo kamili ni salama.

---

Keneli_Mbichi:

Kizibo, mifano yako ni sahihi, lakini tazama hiyo ya 1809 kwa karibu. Wapo wajaribu wa Insider waliokuwa wameripoti kufutiwa mafaili kabla ya toleo kwenda kwa umma. Ripoti zao zilikuwa chache zikazama katikati ya nyingine zilizopigiwa kura nyingi. Baada ya hapo Microsoft iliongeza sehemu ya kueleza uzito wa tatizo kwenye Feedback Hub. Maana yake ni kwamba hasara ile ilianza kwenye beta, na waliokuwa kwenye beta ndio waliotangulia kuumia.

Na upande wa matoleo ya awali, ipo ya keneli (kiini cha mfumo endeshi) ya Linux 5.12-rc1. Mwanzoni mwa Machi 2021 Linus Torvalds, mwanzilishi wa Linux, aliibadilisha lebo yake ikawa 5.12-rc1-dontuse ili mtu asiichukue kwa bahati mbaya. Kosa lilikuwa kwenye faili la swopu (nafasi ya diski inayosaidia RAM ikijaa): keneli ilikosea kupiga hesabu ya mahali faili linapoanzia kwenye diski, hivyo kurasa za kumbukumbu zikaandikwa juu ya mfumo wa mafaili. Aliyetumia patisheni ya swopu, yaani sehemu ya diski iliyotengwa kwa kazi hiyo, hakuguswa kabisa. Aliyetumia faili la swopu diski yake ingeweza kuharibika vibaya. Mashine mbili, toleo moja, na tofauti ni mpangilio ambao watu wengi hawakumbuki hata kama wameuchagua. Ndiyo maana "kwangu inafanya kazi" haina thamani yoyote kwenye beta.

Kuhusu swali la 4: beta ya umma ya Apple mara nyingi ni toleo lile lile la wasanidi lililocheleweshwa siku chache. Ya wasanidi huanza Juni, ya umma kwa kawaida Julai, toleo kamili Septemba. Tangu iOS 17 mwaka 2023 hata ya wasanidi haina malipo, na ni ya kuwasha tu ndani ya mipangilio ya sasisho. Faida ya beta ya umma ni zile siku chache za kungoja: toleo likiwa linaua simu, wasanidi wataliona na litasimamishwa kabla halijakufikia. Ukitaka kupunguza hatari zaidi, zima masasisho ya kujiendesha hata ndani ya beta, na uache siku 2 au 3 zipite kila toleo linapotoka.

Kama unaingia, basi ripoti vizuri, la sivyo umebeba hatari bure. Kwenye iPhone, kasoro ikitokea bonyeza vitufe vyote viwili vya sauti pamoja na cha pembeni kwa sekunde moja hivi uachie. Baada ya dakika kadhaa utakuta faili linaloanza na sysdiagnose kwenye data za uchanganuzi, ndani ya mipangilio ya faragha. Kwenye Android gusa namba ya toleo mara 7 ili chaguo za wasanidi zifunguke, kisha chukua ripoti ya hitilafu. Kwenye Windows ni Win+F. Andika namba kamili ya toleo, hatua kwa hatua ulichofanya, na kama tatizo linajirudia kila mara. Mafaili hayo hubeba taarifa zako nyingi, kwa hiyo yatume kwa mtengenezaji peke yake; usiyapandishe hapa jukwaani.

---

Nyaya:

Nimeelewa. iPhone ya kazini inabaki ilivyo. Pixel itafutwa na kuingizwa akaunti ya pembeni, butiloda isiguswe. Windows itakaa kwenye kompyuta pepe. Swali la mwisho: kwa anayeamua kuweka kwenye iPhone, akingoja mpaka toleo kamili litoke, anatoka kwenye beta moja kwa moja?

---

Msumari:

Hapana. Toleo la mwisho la majaribio mara nyingi ndilo lile lile linalotolewa kwa umma, namba ya toleo ni moja. Kwa hiyo siku ya kutoka, simu yako haioni sasisho lolote, nawe unadhani bado uko kwenye foleni. Siku kadhaa baadaye inakuja beta ya sasisho linalofuata, na kama masasisho ya beta yamewashwa, inajisakinisha. Nenda kwenye Sasisho la Programu, fungua sehemu ya beta, izime. Fanya hivyo siku ile ile toleo kamili linapotoka, kisha linganisha namba ya toleo iliyoko kwenye Kuhusu na ile iliyotangazwa. Zikilingana, chukua bakapu mpya hapo hapo. Hiyo itakubalika kwenye simu yoyote yenye toleo hilo la kawaida.